Samaki wa Mbao na Diwani Mkimya

"Mjomba, hivi mtu anayetaka kutunga sheria anaanzia wapi?"

Aa, swali zuri hilo! Watu wazima wengi huuliza mtu ataishia wapi. Kuuliza ameanzia wapi, hilo linataka kichwa. Sogeeni. Aliye karibu na mlango aurudishie, mbu wasituingilie. Leo nina kisa cha kweli, na ndani yake yumo samaki.

"Samaki? Bungeni?"

Naam. Samaki, tena bungeni. Subirini kidogo, zamu yake inakuja. Kwanza niwaonyeshe mahali penyewe.

Ichukulieni Marekani kama ua mmoja mkubwa wenye nyumba nyingi. Leo nyumba ziko 50. Geti ni moja na mlinzi ni mmoja. Hiyo ni kazi ya serikali kuu iliyoko Washington. Lakini kila nyumba ina jiko lake, na haimwombi jirani ruhusa ikitaka kupika. Nyumba hizo ndizo majimbo. Kila jimbo lina gavana wake na bunge lake. Bunge hilo ndilo linaloamua mengi ya shule, ya barabara, ya saa za kazi viwandani. Karibu mabunge yote ya majimbo yana mabaraza mawili, mara nyingi yakiitwa Baraza la Wawakilishi na Seneti. Nebraska peke yake ina baraza moja, na maisha yanakwenda. Mtoto wa Zanzibar atanielewa upesi, maana kwao lipo Baraza la Wawakilishi, na tena lipo Bunge kule Dodoma. Na chini ya jimbo upo mji, na mji una meya na madiwani wake.

Jimbo letu la leo ni Massachusetts. Mji wetu ni Northampton. Na mtu wetu anaitwa Calvin Coolidge.

"Alikuwa mtu mkubwa?"

Baadaye alikuwa mkubwa sana. Lakini wewe umeuliza alianzia wapi. Tusirukie mbele.

Alizaliwa tarehe 4 Julai 1872, katika kijiji kidogo kiitwacho Plymouth Notch, jimbo la Vermont. Baba yake alikuwa na duka. Tena alikuwa mtu wa kila kazi ya kijiji: leo anakusanya kodi, kesho anapatanisha waliogombana, na kwa miaka kadhaa aliwakilisha watu wake katika bunge la Vermont. Kila mwaka wanakijiji walifanya mkutano wao mkuu, wakajadili barabara na kodi na shule. Calvin mdogo alikuwepo. Unadhani alikuwa anahutubia? Thubutu! Alikuwa anauza tufaha na mabonge ya bisi. Lakini masikio hayakuwa na kazi. Yakasikiliza.

Sasa niwaambie siri moja. Mtoto huyu alikuwa na aibu kupita kiasi. Akisikia sauti za wageni jikoni kwao, moyo unamwenda mbio. Kumsalimu mama na baba ilikuwa rahisi. Wageni je? Ilimbidi aupite mlango wa jikoni, awape mkono mmoja mmoja. Alipokuwa mtu mzima alimsimulia rafiki yake kwamba mlango ule ulikuwa mtihani wake mkubwa kuliko yote. Na akasema kila akikutana na mtu mgeni, hata uzeeni, ni kama anaupita mlango ule upya.

"Mimi pia naona aibu wageni wakija."

Basi wewe na yeye mngeelewana. Mngekaa pamoja saa nzima bila kusema neno.

Akasoma chuo cha Amherst, akamaliza mwaka 1895. Kisha akaenda mji wa jirani, Northampton, akajifunza sheria katika ofisi ya mawakili wawili. Siku hizo ungeweza kuisomea sheria mezani kwa wakili, ukinakili hati na kusoma vitabu vyao, halafu ukafanya mtihani. Mwaka 1897 akawa wakili. Mwaka uliofuata watu wa Kata ya Pili wakamchagua diwani.

"Alilipwa kiasi gani?"

Hakulipwa hata senti. Udiwani wa pale haukuwa na mshahara.

"Sasa alipata nini?"

Alipata watu. Tazameni: madiwani wanazungumza habari gani? Barabara yenye mashimo. Taa ya mtaani isiyowaka. Maji. Takataka. Ni mambo ambayo ukiyakosea asubuhi, jioni umeshakutana na aliyekasirika, na huna pa kujificha, kwa sababu yeye ni jirani yako na mnanunua mkate duka moja. Mbunge aliye mbali anaweza kuwasahau watu wake. Diwani hawezi, wanamgongea.

Mjini pale palikuwa na fundi viatu, jina lake James Lucey, mhamiaji kutoka Ireland. Kibanda chake kilijaa watu waliokuja na viatu vibovu na habari mbichi. Coolidge alipenda kwenda pale. Anavuta kiti, anakaa. Nyundo inagonga soli, nyuzi nene zinapita kwenye ngozi, watu wanalalamika, wanacheka, wanamsema meya. Yeye hasemi. Anasikiliza. Waairishi wengi wa mji ule walikuwa wafuasi wa chama cha Democrat, na Coolidge alikuwa Republican. Lakini ukikaa na watu penye viatu vyao vilivyotoboka, hawaulizi sana wewe ni wa chama gani. Miaka mingi baadaye, siku chache tu baada ya kuapishwa kuwa rais wa nchi nzima, alimwandikia fundi yule barua fupi. Akamwambia kama si yeye, asingefika pale alipofika, na kwamba anampenda sana.

Barua hiyo mimi huipenda kuliko hotuba zake zote.

Mwaka 1900 baraza la mji likamfanya mwanasheria wa mji. Hapo sasa pakawa na mshahara, dola 600 kwa mwaka. Akaifanya kazi hiyo miaka miwili, halafu baraza likamchagua mtu mwingine. Mwaka 1903 akateuliwa karani wa mahakama ya wilaya. Na mwaka huohuo likatokea jambo la kofia.

"Kofia gani tena?"

Sikilizeni. Palikuwa na shule ya watoto viziwi, Shule ya Clarke. Mwalimu mmoja kijana, Grace Goodhue, alikuwa nje akimwagilia maua. Akainua macho, akaona dirishani mtu ananyoa ndevu. Yumo katika nguo zake za ndani, povu limemjaa usoni, na kichwani kavaa kofia! Grace akacheka kicheko cha nguvu, mpaka yule bwana akageuka kutazama. Baadaye Coolidge alijieleza: nywele zake zilikuwa kaidi, basi alizilowanisha kisha akazikandamiza kwa kofia zisiinuke. Mwenye nyumba alipoona hawa wawili wanazoeana, akatania kwamba mwalimu aliyewafundisha viziwi kusikia, huenda akamfundisha na bubu kusema.

Wakaoana Oktoba 1905. Na miezi ileile Coolidge akagombea nafasi katika bodi ya shule za mji. Akashindwa.

"Alishindwa? Na ulisema alikuwa mkubwa!"

Wakubwa nao hushindwa, mjomba. Jirani mmoja alimwambia waziwazi kwamba hakumpigia kura, kwa kuwa mtu wa bodi ya shule awe na mtoto shuleni. Coolidge alikuwa bwana harusi mpya, hana hata kichanga. Akamjibu kwamba wangempa nafasi kidogo. Basi! Mwaka uliofuata akapata mtoto wa kiume, John. Na katika maisha yake yote, hiyo ndiyo mara moja tu wapiga kura walipomkataa.

Mwaka huohuo wa 1906 wakamchagua kwenda Boston, kwenye Baraza la Wawakilishi la Massachusetts. Na sasa nanyamaza, maana mwenye ukumbi wake amefika.

Mimi ni samaki wa mbao. Mbao ya msonobari. Urefu wangu unakaribia mita moja na nusu. Sili, siogelei, wala sinuki shombo. Jamaa zangu wa nyama na damu wanaishi bahari ya baridi, huko kaskazini, na hata soko la Feri, Dar es Salaam, hamtawaona. Watu wa Massachusetts walitajirika kwa kuwavua. Mwaka 1784 mfanyabiashara wa Boston aitwaye John Rowe akaomba nitundikwe ukumbini, ili wawakilishi wasisahau chakula chao kilitoka wapi. Mwaka 1895 walipohamia ukumbi mpya, walinivingirisha kwenye bendera, wakanibeba watu wanne kwa heshima zote. Mwaka 1933 vijana wa Chuo cha Harvard waliniiba kwa mzaha, Boston nzima ikanitafuta, na baada ya siku mbili nikarudi. Lakini hayo ni yangu. Nikusimulieni ya yule bwana.

Januari 1907 waliingia wawakilishi 240. Wengine sauti iliingia kabla ya miguu. Mimi nikatazama. Nikamwona mmoja mwembamba, uso umekaza, nywele zenye wekundu. Hakusema kitu. Mkononi alikuwa na barua ya kumtambulisha kwa Spika wetu, John Cole. Nani asingependa kujua imeandikwaje? Mwandishi alisema kwamba huyu ni kama paka aliyeungua manyoya: ni mzuri kuliko anavyoonekana.

Mimi ni samaki. Paka na mimi hatuna urafiki. Lakini huyu nilimpenda.

"Samaki, kwa nini ulimpenda?"

Kwa sababu alijua kukaa. Nimetundikwa hapa zaidi ya karne, nimesikia maneno mengi kuliko mawimbi, na nawaambieni wajuao kukaa ni wachache. Mwananchi yeyote wa Massachusetts anaweza kuandika ombi la sheria, akampa mwakilishi wake aliwasilishe. Yeyote! Hata mvuvi, hata mwanafunzi. Haki hiyo ni ya zamani na ipo mpaka leo. Basi maombi huja kwa mamia. Yanapelekwa kwenye kamati, kamati inafungua milango, watu wanakuja kusema wanayataka au hawayataki. Kisha mswada unaletwa ukumbini, unasomwa mara tatu.

"Mara tatu? Kwa nini isitoshe mara moja?"

Kwa sababu mtu mwenye njaa au usingizi hasikii vizuri mara moja. Nikiwa juu huku nimewaona wangapi wanasinzia! Ukishapita kwetu unakwenda Seneti, nao wanausoma vilevile, ndipo uende kwa gavana autie saini. Yule bwana wa Northampton hakuwa akisimama kila saa. Alisoma miswada. Alikaa kwenye kamati. Wanawake walikuwa bado hawaruhusiwi kumchagua gavana wala rais. Yeye akaunga mkono waruhusiwe. Maseneta wanaokwenda Washington walikuwa wakichaguliwa na mabunge ya majimbo; yeye akaunga mkono wachaguliwe na wananchi wenyewe. Jioni alitembea kurudi kwenye hoteli ya Adams House, chumba cha dola moja kwa siku. Mwisho wa juma akapanda treni kwenda kwa mkewe na mwanawe, karibu kilomita 150 kuelekea magharibi. Akafanya hivyo mwaka 1907, akafanya hivyo 1908. Halafu sikumwona tena. Kiti chake akakaa mwingine. Alikwenda wapi? Mimi sina miguu. Muulizeni mjomba.

Asante, samaki. Alikwenda nyumbani.

"Alifukuzwa?"

Hapana. Aliacha mwenyewe. Mtoto wa pili alikuwa amezaliwa, Calvin mdogo, na kazi ya uwakili ilimngoja. Halafu, mwishoni mwa 1909, wenzake wa chama wakamwambia: gombea umeya. Wengine wangeona ni kushuka cheo. Umetoka bungeni, unarudi kwenye mashimo ya barabara? Yeye akakubali. Akazunguka mtaani, akagonga mlango hadi mlango, akawapa mkono watu asiowajua. Mnakumbuka mlango wa jikoni? Basi safari hii ilikuwa milango ya mji mzima. Akasema machache: nataka kura yako, nitashukuru ukinipa. Akashinda. Enzi hizo meya wa Northampton alichaguliwa kila mwaka, na mwaka uliofuata wakamrudisha tena.

Akiwa meya aliongeza mishahara ya walimu. Alipunguza deni la mji. Na kodi nayo ikashuka.

"Aliwezaje vyote vitatu?"

Aha! Hilo ndilo swali ambalo ningependa kila meya duniani aulizwe na mtoto wa darasa la nne. Jibu lake ni ubahili. Coolidge alikuwa bahili wa kuzaliwa, senti ya mji aliiona kama senti yake. Nyumbani kwake mwenyewe alikuwa amepanga nusu ya nyumba, Mtaa wa Massasoit, nusu nyingine inakaa familia jirani. Alikuwa meya, na bado ni mpangaji.

Sasa tazameni kiroja. Mwaka 1910, mwana akiwa meya, baba yake kule Vermont akachaguliwa kuwa seneta wa jimbo. Mzee wa miaka zaidi ya 60! Mwana akakaa chini, akamwandikia baba yake ushauri. Kwa kawaida nani humshauri nani? Lakini mwana alishakaa chini ya yule samaki miaka miwili, alikuwa na la kusema. Akamwambia kwamba kuzuia miswada mibaya ni muhimu zaidi kuliko kupitisha mizuri.

"Mjomba, mbunge si anatunga sheria? Sasa huyu anasema azizuie?"

Umeona eh? Umeliwahi neno hilo kabla sijalieleza. Nitakujibu kwa jambo lililotokea, kwa sababu hata sheria nzuri ina mambo yake.

Katika Massachusetts palikuwa na mji wa viwanda uitwao Lawrence. Viwanda vya sufu na pamba. Wafanyakazi walitoka nchi nyingi: Waitalia, Wapolandi, Wasiria, Walithuania, na wengine wengi, wanaume kwa wanawake, na watoto wakubwa kidogo kuliko ninyi. Wanawake na watoto waliruhusiwa kufanya kazi saa 56 kwa juma. Bunge la jimbo likaona huruma. Likatunga sheria: kuanzia tarehe 1 Januari 1912, mwisho ni saa 54.

Nzuri au mbaya?

"Nzuri! Watapumzika."

Mimi pia ningesema nzuri. Sheria ikatoka Boston, ikashuka, ikafika Lawrence. Sasa ifuateni mpaka mlangoni. Siku ya mshahara ikafika. Mama mmoja akafungua bahasha yake. Akahesabu. Akahesabu tena. Imepungua! Wenye viwanda walikuwa wamepunguza saa mbili, na pesa za saa mbili wamezikata. Zilipungua kama senti 32. Msicheke. Kwa watu waliopata chini ya dola tisa kwa juma zima, hiyo ilikuwa mikate kadhaa. Nani alisema mikate ipungue? Hakuna aliyesema. Sheria haikuitaja mikate.

Watu wakatoka viwandani. Kwanza wachache, kisha maelfu, kisha zaidi ya elfu ishirini. Mashine zikanyamaza katikati ya majira ya baridi. Mgomo ukaendelea wiki baada ya wiki. Wazazi wengine wakaamua kuwapeleka watoto wao New York na miji mingine, wakalelewe na familia zilizojitolea, angalau wale na wapate joto. Tarehe 24 Februari kundi jingine la watoto likafika stesheni. Polisi wakawazuia. Wakawapiga akina mama, wakawakamata mbele ya watoto wao. Nchi nzima ikachukia.

"Na Coolidge alikuwa wapi?"

Alikuwa ndio kwanza ameingia Seneti ya Massachusetts. Watu wa kwao walimchagua mwishoni mwa 1911, akaapa Januari 1912, na Januari ileile mgomo ukaanza. Bunge likaunda kamati ndogo ya kupatanisha. Mwenyekiti wakamweka yeye, mgeni kabisa ukumbini mwao.

Sitawadanganya. Coolidge hakuwapenda viongozi wa mgomo. Katika barua aliyoandika nyumbani aliwasema vibaya. Lakini alikaa nao. Na wenye viwanda akakaa nao. Upande huu ukasema, ule ukasema. Katikati ya Machi kampuni kubwa kuliko zote ikakubali kuongeza mishahara, na walioongezewa zaidi ni wale waliokuwa wakipata kidogo zaidi. Mashine zikaanza kulia tena. Kamati yake haikufanya hayo peke yake. Kwa maoni yangu walioyafanya ni wale waliosimama barabarani kwenye theluji. Ila mezani palihitajika mtu wa kusikiliza bila kupiga kelele, na huyo walikuwa naye.

Basi mwanangu uliyeuliza, sasa unaona kwa nini alimwambia baba yake atazame miswada kwa makini. Saini ya gavana haiimalizi safari ya sheria. Bado inatembea mpaka kwenye bahasha ya mama.

"Kumbe sheria ina miguu!"

Haswa. Andika hilo kwenye daftari lako, na chini yake uandike umelisema wewe.

Seneti ya jimbo ilikuwa na watu 40 tu, na desturi ya pale ilikuwa vipindi viwili vya mwaka mmojammoja, kisha unampisha mwenzio. Coolidge akavunja desturi, akagombea mara ya tatu. Rais wa Seneti, Levi Greenwood, akashindwa uchaguzi kwao, Novemba 1913. Wanaodai kura za wanawake walimpiga vita kwa sababu aliwapinga. Kiti kikawa wazi. Wakati wengine bado wanauliza nani atakitaka, Coolidge alishafika Boston na kuzungumza na maseneta mmoja mmoja. Waswahili walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Januari 1914 akawa Rais wa Seneti.

Hotuba yake ya kwanza kitini ilisifiwa mpaka nje ya jimbo. Mwaka uliofuata, 1915, wakamchagua tena, wakatega masikio wasikie kubwa zaidi. Akasimama. Akawashukuru, akawaambia wafanye kazi kwa uaminifu, na zaidi ya yote wawe na maneno mafupi. Akakaa. Yote kwa pamoja haikufika maneno hamsini.

"Hata mimi naweza kuikariri!"

Unaweza, na ningependa wageni rasmi wote wa siku za mahafali waikariri pia.

Kutoka hapo hadithi inakwenda mbio, na mimi sina haja ya kuibeba kwa undani. Naibu gavana kuanzia 1916. Gavana kuanzia Januari 1919. Akaapishwa katika ukumbi wa wawakilishi, yule samaki akitazama. Makamu wa rais mwaka 1921. Kisha usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Agosti 1923, akiwa kijijini kwa baba yake kupumzika, habari ikaja kwamba Rais Harding amefariki. Nyumba ile haikuwa na umeme. Haikuwa na simu. Lakini baba yake alikuwa na mamlaka ya kuapisha watu, mojawapo ya zile kazi zake nyingi za kijiji. Saa nane na dakika arobaini na saba usiku, kwa mwanga wa taa ya mafuta, mzee akamwapisha mwanawe kuwa rais wa Marekani. Rais mpya akafanya nini?

"Akahutubia?"

Akarudi kulala.

Urais wake wapo wanaousifu, na wapo wanaoulaumu, maana miezi michache baada ya kuondoka kwake, mwaka 1929, uchumi wa Marekani ulianguka kwa kishindo. Mkikua mtabishana wenyewe. Mimi leo nimeulizwa habari za kuanzia.

"Mjomba, la mwisho. Alipomaliza urais alikwenda kuishi wapi? Kwenye jumba kubwa?"

Alirudi Northampton, Mtaa wa Massasoit, kwenye ileile nusu nyumba ya kupanga aliyoingia mwaka 1906. Akaweka kiti barazani apunge upepo jioni. Lakini magari yakaanza kupita, yanapunguza mwendo, watu wanachungulia, wengine wanasimama kabisa kumtazama rais mstaafu akiwa amekaa barazani kwake. Siku ya kwanza, siku ya pili, hayakwisha. Mwaka 1930 yeye na Grace wakahamia nyumba yenye uwanja mpana na miti mingi, mbali kidogo na barabara. Hiyo, baada ya miaka 24 ya kulipa kodi ya pango, ilikuwa yao wenyewe.